Sauti ya Kushikilia

Kabla ya kumwona tulimsikia akilia. Tulikuwa tukipanda ngazi za jengo lile la Ruiru, juu ya duka la dawa na chakula cha mifugo, wanafunzi wapya watatu tusiojuana, na kutoka nyuma ya mlango wa mwisho kilio cha mtoto wa kike kikatufikia. Alikuwa akimwita mama yake. Hakulia kwa fujo. Alilia kama mtoto ambaye machozi yamemwishia na sasa amebaki na kwikwi tu. Mutua, aliyekuwa mbele, alisukuma mlango bila kubisha. Ndani hapakuwa na mtoto. Palikuwa na kiti, na juu ya kiti kitu kikubwa kama gunia kilichofunikwa blanketi la kahawia, na blanketi hilo ndilo lililokuwa likilia. Kisha likanyamaza, likafunuka, na uso wa mzee mnene mwenye miwani na ndevu za kijivu ukatutazama kwa upole wa mtu aliyeamshwa.

"Mmeharibu," alisema. "Lakini karibuni. Fungeni mlango, vifaranga wanaingia."

Alimaanisha sauti zao. Duka la chini liliuza vifaranga, na mlio wao ulipanda kupitia sakafu ukaingia katika kila filamu iliyotengenezwa chumbani mle. Ukisikiliza vizuri kazi ya mwanafunzi yeyote wa chuo chetu, hata ile inayotokea jangwani au mwezini, utawasikia.

Tulimwita Mwalimu, hivyo tu, na sitamwita vingine hapa. Walikuwepo walimu wengine, wa rangi, wa kompyuta, wa biashara, lakini ukisema Mwalimu kila mtu alijua ni yupi. Yeye alifundisha yale yanayoitangulia katuni: hadithi, michoro midogo ya mpango, muda wa kila tukio, sauti za majaribio. Vitu hivyo vikishaunganishwa vikawa filamu mbovu ya michoro isiyosogea, aliiita mifupa. "Nionyesheni mifupa," alisema kila Jumatatu, akikaa kwa nguvu hadi kiti kikalalamika. Ukimletea mchoro mzuri wenye rangi kabla ya mifupa, alikutazama kana kwamba umemletea nguo za mtoto ambaye hata mimba yake haijatungwa. Na ukishindwa kumwambia kwa maneno machache nani katika hadithi yako anataka nini, alikuambia ushuke ukanywe chai, urudi ukishajua.

Mifupa yote ilisema kwa sauti yake. Waigizaji huja mwisho, kama huja, kwa hiyo katika mpango huwekwa sauti ya muda, ili mjue mhusika atasema kwa urefu gani na atanyamaza wapi. Kwingine wanafunzi hujisomea wenyewe. Kwetu Mwalimu aliingia chini ya blanketi, lililozuia mwangwi, akatoka akiwa amekuwa nyanya, chifu, mbuzi, bibi harusi. Tuliiita sauti ya kushikilia. Sharti lake lilikuwa moja: kabla filamu haijaonyeshwa kwa mtu wa nje, sauti yake itoke yote, iingie ya mwenyewe. "Mimi nashikilia foleni tu," alisema. "Mwenyewe akija, naondoka bila kelele."

Naandika haya kwa sababu ya sauti moja ambayo haikuondoka. Aliisema kwa niaba ya mtoto aliyekufa, mama wa mtoto akaisikia, na tangu hapo lililobaki kujulikana ni kama Mwalimu angeweza kuichukua tena, na kama mama yule angeweza kuiachilia.

Ajabu ni kwamba sauti yake mwenyewe hakuipenda. Ilikuwa nyembamba kuliko mwili wake, na lafudhi ya Murang'a haikumtoka. Alipochoka, r na l zilibadilishana viti mdomoni mwake, naye alijua, nasi tulijua kwamba alijua. Kanisani alisimama na kwaya wala hakuimba. Ukimpigia simu alipokea akanyamaza, akasubiri uanze wewe, na mara nyingi watu walikata wakidhani mtandao umeharibika. Tulimtumia ujumbe wa sauti, akatujibu kwa maandishi yenye nukta na mikato. Siku moja Mutua akamuuliza, "Mwalimu, kwani huwezi kutuongelesha kwa simu kama wasee wengine?"

"Sauti ukiiacha kwa simu ya mtu," akajibu, "hujui inafanya nini huko wewe ukilala."

Tulicheka. Tulilitania jambo hilo muhula mzima.

Alitafuna tangawizi mbichi kutwa, kwa ajili ya koo, akaiweka mfuko mmoja na penseli, hivyo penseli zake zote zilinukia chai. Aliishi Thika, upande wa Makongeni, na wikendi moja nilimkuta sokoni huko akichagua mananasi. Midomo ilikuwa ikimcheza. Niliposogea nikasikia mume na mke wakigombana, wote wawili kinywani mwake, kwa minong'ono, kila mmoja na hasira zake. Muuzaji alikuwa amesogea nyuma hatua kadhaa. Mwalimu aliponiona alinyamaza, akanisalimu, akanipa nanasi nimshikie. Nilihisi wale wawili wamebaki kando wakitungoja tumalize salamu.

Kazi yake nyingine ilikuwa kuiba. Michoro yetu ya mpango tuliibandika ukutani, karatasi ndogo za manjano, kila moja tukio moja. Tukishuka kula chapati na ndengu, yeye alibaki, akabandua karatasi moja, akasogeza nyingine kuziba pengo, akaitia ile mfukoni pamoja na tangawizi. Tukirudi hakusema neno. Usipogundua hadi jioni, tukio hilo lilikuwa la bure na hukulipata tena. Ukigundua, alilitoa akakurudishia kwa mikono miwili, kwa heshima. Kundi moja lilipoteza hivyo arusi nzima pamoja na ng'ombe.

"Lakini Mwalimu, ng'ombe ndio walikuwa wanachekesha," mmoja wao akalalamika.

"Na mbona hamkuwalilia?"

Filamu yetu ilikuwa ya Njeri. Mimi niliandika maneno na Mutua alishughulikia sauti, lakini mchoraji alikuwa yeye na hadithi ilikuwa yake. Kwao ni Witeithie, nyuma ya maduka ya barabarani, na mbele kidogo kuna machimbo ya mawe yaliyoachwa, ambayo mvua huyajaza yakawa bwawa la kijani lisilo na ufuo. Ndugu yake mdogo, Karanja, alikufa maji humo mwaka mmoja kabla hatujajiunga na chuo. Katika filamu, msichana anasimama juu ya machimbo, anamwita nduguye aje kunywa chai. Nduguye anamjibu kutoka chini. Maji hayatikisiki. Karatasi ya mwisho ukutani ilimwonyesha mvulana akitoka majini, amelowa, anacheka.

Mwalimu aliiba hiyo. Tuliporudi kutoka kula, Njeri aliona pengo kabla hata hajakaa.

"Rudisha."

Hata neno Mwalimu hakulitaja. Mzee akaitoa mfukoni. "Umeiona," alisema. "Basi ni yako. Lakini bado siiamini."

"Si lazima uiamini. Iache tu hapo."

Kabla ya kuyachora machimbo Mwalimu alitaka tuyasikilize. Tulienda mchana wa jua kali. Njeri alibaki barabarani karibu na kibanda cha miwa, hakukubali kusogea. Mwalimu akatembea hadi ukingoni na kinasa sauti, akasimama, mzito, mkono ameunyoosha juu ya maji kama anayempa mtu kitu. Akakaa hivyo hadi tukaanza kuogopa. Tulipoirudia kanda chumbani hapakuwa na kitu ndani yake, si ndege, si upepo, si malori ya barabara kuu.

"Haijarekodi," alisema Mutua.

Mwalimu akaweka kidole kwenye kioo cha kompyuta, palipokuwa na mstari uliotetemeka kidogo sana. "Imerekodi. Kila mahali pana kimya chake. Hiki ni cha pale."

Tulikitandaza chini ya filamu nzima. Mutua aliapa kwamba vifaranga wa chini walinyamaza kila kilipochezwa, na ingawa tulimcheka, hakuna kati yetu aliyetaka kukicheza akiwa peke yake.

Ikaja zamu ya sauti ya Karanja. Mwalimu hakuwahi kumwona mtoto yule hata kwa picha. Alimuuliza Njeri, "Akiitwa, alikuwa anasema nini?"

Njeri akafikiri. "Alikuwa anasema, nakuja, si nimesema nakuja. Na hakuji."

"Kwa hasira?"

"Zii, si hasira. Alikuwa anajua tutamsamehe."

Mwalimu akatafuna tangawizi kidogo, akaingia chini ya blanketi. Alisema mara moja tu. Njeri alitoka, tukamsikia akishuka ngazi, na aliporudi alikuwa amenawa uso. "Ni hiyo," alisema.

Hapo ndipo tulipokosea, na ni kosa la watu wa kazi hii. Sauti ya kushikilia ikikaa sana masikio huizoea, na ikishazoeleka, kila sauti nyingine huonekana ya uongo, hata ikiwa ndiyo ya kweli. Mwalimu alikuwa ametuonya: wiki chache, kisha itoke. Sisi tuliilea. Na Njeri akaibeba mifupa nyumbani, akaifungua kwenye kompyuta mezani ili apime muda wa tukio moja.

Mama yake alikuwa jikoni akiepua chai. Akasikia, "Nakuja, si nimesema nakuja?" Akajibu bila kugeuka, "Harakisha basi, inapoa."

Kisha akatoka na sufuria mkononi.

Njeri alitusimulia siku iliyofuata akicheka kidogo, kwa kuwa hakujua afanye nini na uso wake. Mama yake hakulia. Alikaa, akaomba irudiwe. Kesho yake akaomba tena. Haikuchukua muda ilikuwa kwenye simu yake, na kila alipotenga chai aliicheza, akaijibu. Njeri akaacha kuchora. Angechoraje mdomo, alituuliza, wakati sauti ilikuwa tayari inaishi kwao bila mdomo?

Nilimwona Mwalimu akikasirika mara moja tu, ndiyo hiyo. Hakupaza sauti. "Ifute," alimwambia Njeri. "Leo. Kwa kompyuta, kwa simu ya mama, kila mahali."

"Lakini inamsaidia, Mwalimu."

"Inamsaidia kufanya nini?"

Mutua akajaribu kumtetea. "Si aachiwe tu, Mwalimu. Ni maneno kidogo tu."

"Ni mimi huyo," Mwalimu alisema. "Kuna mama huko Witeithie anapikia mzee wa Makongeni chai, na hajui."

"Basi nenda umwambie wewe," Njeri alisema.

Hakwenda. Hiyo ndiyo sehemu yake niliyoshindwa kuielewa kwa miaka. Mtu aliyeweza kulia kilio cha mtoto wa watu hadi tukaingia bila kubisha kumwokoa, alishindwa kukaa mbele ya mama mmoja na kumwambia ni mimi. Wanafunzi waliotutangulia walisema moyo wake ni baridi, kwamba huruma zake zote zimeishia kwenye kazi. Walisema pia ana filamu yake mwenyewe, mifupa aliyoianza kabla hatujazaliwa, amejaza sauti zote peke yake, na kwamba yeye anayetufukuza na sharti lake hajaitoa hata moja. Nilimuuliza kama ni kweli. Alifuta miwani kwa muda mrefu. "Wenyewe bado hawajakuja," alisema, na sikuthubutu kuuliza ni kina nani.

Njeri hakuifuta sauti kwenye simu ya mama yake, lakini alirudi kuchora, na filamu ikakaribia kumalizika. Mutua alimleta dada yake mdogo kutoka shambani kwao mashariki ya Thika, mtoto mkavu asiyeogopa mtu. Mwalimu hakumchezea sauti ya zamani, wala hakumweleza hadithi. Alimpa maneno ya Karanja tu.

"Nisome kama nani?"

"Kama wewe ukiitwa na mama."

"Mimi nikiitwa naenda."

"Wewe? Hebu muulize kaka yako."

"Huyo ndiye haendangi," alisema msichana, na tulipomaliza kucheka alikuwa ameshasoma, vizuri, mara moja. Wiki hiyo Njeri mwenyewe alibandua karatasi ya mwisho, ya mvulana akitoka majini. Mwalimu alipita mbele ya ukuta, akasimama, akaona, akaendelea na safari yake.

Siku ya maonyesho mama yake Njeri alikaa mstari wa mbele na nguo za kanisa. Sauti ilipopanda kutoka majini alisema wazi, ukumbi mzima ukasikia, "Huyo si Karanja," akainuka akatoka. Mwalimu alikuwa ameketi nyuma, kwenye kiti cha mwisho. Angeweza kumfuata. Nilimwona akiitazama mikono yake hadi taa zikawashwa.

Tangu tuachane na chuo mimi humsikia Mwalimu mahali nisipomtarajia. Wanafunzi wake wametapakaa, na waigizaji waliowarekodi walijifunza maneno kwa kusikiliza mifupa. Kwa hiyo tangazo la unga likija redioni, au katuni ya watoto kwa jirani, ghafla nyanya mmoja anavuta pumzi jinsi Mwalimu alivyokuwa akivuta, na mimi nasimama na kijiko mkononi. Hakuna aliyemtoa kabisa. Alitoka mdomoni mwao akabaki kwenye pumzi.

Mwaka huu Njeri alinipigia. Anafanya kazi sasa, amepanga nyumba Kahawa Sukari, na kila Jumapili huenda kwao. "Bado anaicheza," alisema. "Siku hizi anaweka vikombe viwili. Nimemwambia ahamie kwangu, anasema hawezi, eti Karanja akikuja atakosa mtu. Mimi nimechoka. Twende kwa Mwalimu."

Tulimkuta Makongeni, amestaafu, amepungua mwili hadi miwani ikaonekana ni ya mtu mwingine. Njeri alieleza. Nilitarajia akatae tena. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Mama anakunywa ya maziwa ama ya rangi?"

"Ya maziwa."

"Basi nitakunywa hiyo." Akaenda kutafuta kofia.

Jumapili iliyofuata, baada ya kanisa, Mama Njeri alitufungulia. Mwalimu akampa mkono.

"Mama Njeri, ni mimi nilisema yale maneno ya mtoto."

"Kwa hivyo ni wewe." Alimkagua kuanzia kofia hadi viatu. "Nilidhani utakuwa kijana."

"Hata mimi nilidhani hivyo, kwa muda mrefu."

Akacheka kidogo bila kutaka, akamwonyesha kiti. Akamimina chai. Kisha akaweka simu katikati ya meza, akaicheza, na mtoto akasema kwa uvivu wake kwamba anakuja, si amesema anakuja. Njeri aliangalia sakafu.

"Sasa sema wewe," mama yake alimwambia Mwalimu.

"Sauti hiyo sina tena, mama. Imezeeka na mimi."

"Sema na hiyo uko nayo."

Mwalimu aliweka kikombe chini. Miaka yote niliyomjua sikuwahi kuuona mdomo wake ukisema maneno ya mtu mwingine mbele ya mtu aliyemkazia macho.

"Nakuja," alisema, kwa sauti yake mwenyewe, nyembamba, iliyokwaruza. "Si nimesema nakuja."

Mama Njeri alikuwa akiutazama mdomo huo.

"Tena."

Akasema tena, polepole zaidi, na safari hii nilisikia uchovu tu, wa mzee aliyetembezwa mbali siku ya Jumapili. Hakuongeza kitu. Hakueleza kazi yetu inavyofanywa. Alikaa akaangaliwa.

"Ni wewe," alisema mama.

"Ni mimi."

"Na yeye hakuwa hapo ndani."

"Hapana, mama. Hata siku moja."

Nje kulikuwa na mtu akiosha pikipiki. Tulisikia maji yakimwagwa, ndoo ikiwekwa chini. Mama Njeri alikunja kitambaa cha meza, akakikunjua, akakilaza vizuri. Kisha akageuza uso upande wa dirisha, na aliyemsemesha hakuwa Mwalimu wala sisi.

"Haya basi," alisema. "Si lazima ukuje."

Mwalimu akainuka, akavaa kofia, chai ikiwa nusu. Kwetu mgeni husindikizwa hadi barabarani, hasa akiwa mzee, na Njeri alikuwa ameshavaa viatu. Mama yake akamshika mkono.

"Wewe kaa. Wacha aende."

Aliinuka yeye mwenyewe, akamfungulia, akangoja hadi mzee akavuka kizingiti, akafunga mlango.